Unga wa Jaketi 199

"Kanga, Kanga. Hapa Kilima. Jibu."

Santa Candiru aliibana redio ya Motorola kati ya bega na shavu bila kupunguza mwendo. Mji wa mpakani wa Koboko ulikuwa nyuma yake, Arua mbele, na Honda ilikuwa ikiruka mashimo kama mbuzi aliyekatiwa kamba.

"Nasikia, afande."

"Ile namba imetoka. Mia moja arobaini na nane."

Moja, nne, nane.

Basi ndiyo leo.

Watu hudhani jasusi ni mtu asiye na woga. Waongo wakubwa hao. Santa alikuwa na Glock kiunoni, kifaa cha kuziba mawimbi ya simu kwenye mkoba, na woga wa kutosha kuwagawia watu wa tarafa nzima. Tofauti yake na mimi na wewe ni moja tu. Yeye aliogopa huku akiongeza gea.

Kwa wiki kadhaa kitengo chake kilikuwa kikinasa sauti moja ya kigeni redioni, upande wa Koboko. Sauti hiyo haikuwa na salamu wala stori. Ilisoma namba moja tu, ikanyamaza. Muda si mrefu bodaboda kadhaa walitoka Koboko kwenda Arua, kila mmoja na gunia la unga wa muhogo. Polisi wakimsimamisha mmoja, unga. Wakimsimamisha mwingine, unga tena. Na bado bunduki zilikuwa zikiingia Arua kama mvua.

Aliyefumbua fumbo ni Santa. Bodaboda wa huku huvaa majaketi ya kung'aa yenye namba kubwa mgongoni, na ile namba ya redioni ilikuwa mwanzo wa msururu wao. Unachukua namba, unajumlisha tarakimu zake, halafu jumla hiyo unaiongeza juu ya namba yenyewe. Unapata jaketi linalofuata. Unakwenda hivyo hivyo mpaka ukutane na namba tasa, ile isiyogawanyika kwa kitu kingine ila moja na yenyewe. Wote wanaoitangulia tasa hiyo kwenye hesabu ni wabeba unga. Tasa ya kwanza ndiyo yenye mzigo.

Na leo mzigo haukuwa bunduki.

Leo uwanjani Mvara, mjini Arua, wawakilishi wa wakimbizi na wenye ardhi walikuwa wanatia saini mapatano yao. Watalima pamoja, na watalinda mpaka pamoja. Mpaka ukilindwa, biashara ya bunduki imekufa. Kwa hiyo mwenye biashara, mgeni mmoja aliyeitwa Mhandisi, ambaye jina lake la kweli halikuwa kwenye pasipoti yake hata moja kati ya zile tatu, aliamua kuwatumia bomu. Jana walimnasa akimwambia mtu wake kwenye simu: "Nikiliona jaketi langu linakaribia geti, napiga simu ya mzigo. Basi."

Alikuwa amekaa wapi huko Mvara? Hakuna aliyejua.

Santa alihesabu kwa sauti, upepo ukimjaa mdomoni. Moja na nne na nane, kumi na tatu. Ongeza. Mia moja sitini na moja.

"Kanga, 161 amepita kizuizini, mbele yako. Vijana hapa wanasema hiyo ni tasa. Tumkamate?"

"Hapana, afande! Saba mara ishirini na tatu. Huyo ni unga."

Wakimkamata wa bure, Mhandisi atajua. Akijua, atapiga simu popote bomu lilipo.

161. Jumla ya tarakimu zake ni nane. Mia moja sitini na tisa. Ina sura ya tasa hasa, na ilikuwa inaliponza darasa zima kwa Mwalimu Paulino kule Aroi, kando ya barabara hii hii. Kumi na tatu mara kumi na tatu. Unga. Tarakimu zake kumi na sita. Mia moja themanini na tano, inaishia na tano, unga. Tarakimu zake kumi na nne.

Mia moja tisini na tisa.

Kwa mbili, hapana. Kwa tatu, hapana. Tano, saba, hapana. Kumi na moja, inabaki moja. Kumi na tatu, zinabaki nne, na kumi na saba mara yenyewe imeshazidi. Hapo Mwalimu Paulino angegonga ubao kwa chaki na kusema inatosha, keti chini.

"Afande. 199."

Redio ilikoroma kidogo.

"199 ni Swaka," sauti ya Meja Asuman, mkuu wa kitengo, ikarudi. "Mrefu, mwembamba, wa stendi ya Koboko. Alishatoka zamani, yuko mbele yako. Kanga, yule mtu asifike geti. Ukimpata, mpige."

"Nimpige risasi?"

"Kwani utampiga makofi?"

Simu ikalia kwenye kipaza cha sikioni. Alijua ni nani kabla ya kuangalia.

"Santa! Wewe iko wapi?"

Mama Elena alilelewa kambi ya jeshi. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, hakina ngeli wala huruma.

"Kazini, Mama."

"Kazi gani? Mwalimu Paulino nazikwa leo. Watoto yote alifundisha iko hapa Aroi. Yote! Wewe tu hapana. Mimi iko jikoni na wamama, watu iko mingi, unga haitoshi."

"Mama, nitakuja."

"Kuja na unga," alisema Mama, akakata.

Mama aliamini binti yake ni karani wa mradi wa visima. Santa aliongeza mwendo. Mzee yule ndiye aliyemfundisha kuzipenda namba, akamlipia penseli, akamgonga kisogo kila alipoita namba tasa bila kuijaribu kwa saba. Anazikwa, na yeye anakimbizana na gunia. Ilimuuma, lakini aliuweka uchungu ule pembeni. Woga ulikuwa umeshachukua nafasi yote.

Alimpita 185. Akampita 169, akampita 161. Hakuwatazama. Nyumba zilianza kubanana, vibanda vya vocha, chapati, matairi ya mitumba. Wimbo wa kwaya ulisikika kwa mbali kwenye spika. Mvara.

Halafu akaliona.

Jaketi la kijani la kung'aa. 199.

Gunia jeupe lilikuwa limefungwa nyuma kwa mpira. Kona moja tu ilibaki kabla ya geti kuonekana. Santa alichomoa Glock, akailaza juu ya paja. Alijiambia pumua, akashindwa. Ampige mgongoni, katikati ya zile tisa mbili. Na gunia je? Risasi ikiligusa gunia?

Alisogea karibu zaidi, kidole kikiwa kwenye chuma.

Jaketi lilimfika bodaboda magotini.

Lilipepea huku na huku kama shuka kwenye kamba. Yule mtu alikuwa mfupi, mnene, miguu inagusa chini kwa shida. Swaka ni mrefu. Mwembamba.

Santa alimziba njia kwa pikipiki. Honda ilipiga kelele, bodaboda akayumba, akasimama akiwa amekumbatia usukani.

"Zima!"

"Dada, hapana piga! Mimi iko na watoto!"

"Wewe si Swaka."

"Mimi Ivan. Ivan wa stendi ya hapa Arua. Swaka napatia mimi jaketi."

"Swaka yuko wapi?"

"Aroi. Nachimba kaburi ya mwalimu."

Santa alifyeka mpira kwa kisu, akalilaza gunia chini taratibu, taratibu sana, kama mtoto mchanga. Akatoboa kidogo pembeni. Akaingiza vidole viwili, kisha mkono mpaka kwenye kiwiko.

Unga. Unga mpaka chini.

Kwa sekunde moja alifurahi. Furaha ile ikageuka barafu.

"Ivan. Gunia la Swaka liko wapi?"

Ivan alijifuta jasho kwa mkono wa jaketi la watu. Alisema haraka haraka, macho hayaondoki kwenye Glock. Mwalimu alifundisha nusu ya bodaboda wa njia ile. Mwalimu akifa, wanafunzi wake ndio wanachimba. Swaka alipofika Aroi akasikia kilio, angepitaje? Na kaburini hakuna anayeshuka na jaketi la kazi. Alilivua, akampa Ivan aliyekuwa anarudi mjini, ili mtu wa bosi aliyeko njiani aone namba inapita.

"Na gunia?"

"Dada, mutu nafika kwa kilio mikono mutupu? Alipeleka kwa wamama jikoni. Yeye nasema unga iko unga tu. Mimi nanunua ingine njiani, napeleka Mvara, bosi hapana jua."

Jikoni.

Mama Elena alikuwa jikoni. Unga haukutosha. Mama angefungua gunia lolote lililokuwa karibu.

Mhandisi alihesabu yote: tarakimu, tasa, vizuizi vya polisi, hata polisi wenyewe. Kilio hakukihesabu. Alikotoka yeye labda watu wanakipita kilio barabarani wakaendelea na safari.

Santa alipiga simu. Iliita. Iliita mpaka ikakata. Alipiga tena, ikaita hivyo hivyo. Simu ya Mama ilikuwa kwenye kikapu, chini ya kanga, kama kawaida.

"Kilima, Kanga. Bomu haliko Mvara. Liko msibani Aroi, jikoni."

"Nani yuko karibu nako?"

"Mimi, afande. Hakuna mwingine."

"Na Mhandisi?"

Akilini mwake mambo yalikwenda mbio. 199 akifika karibu na geti, simu inapigwa, na Aroi inalipuka. 199 asipoonekana, Mhandisi ataingiwa na wasiwasi, na mtu mwenye wasiwasi hubonyeza tu. Basi aonekane, ila asifike.

"Ivan, nisikilize. Funga gunia lako tena, upite ile kona mpaka geti lionekane kwa mbali. Hapo cheni itoke."

"Cheni yangu iko nzuri."

"Itatoka. Chuchumaa uitengeneze. Usisogee mbele hata hatua. Itengeneze mpaka mtu akuambie basi."

Ivan aliitazama kona. "Na kama mutu mubaya nakuja?"

"Tengeneza cheni." Santa alitaka kumwambia neno la kutia moyo, hakulipata. "Nami naogopa, ndugu yangu. Nenda."

"Lakini wewe nani?"

"Karani wa visima."

Aligeuza Honda huku akiongea redioni. "Afande, bodaboda ataharibikiwa njiani. Leo Mvara nzima wanaangalia saini na kwaya. Mtafute anayemwangalia bodaboda. Mmoja tu."

"Nimeelewa. Kimbia, Kanga."

Alikimbia. Mashimo hakuyakwepa tena. Kila alipoona moshi mbele, moyo ulisimama. Kila moshi ukawa wa mtu anayechoma majani. Alijikuta anasema Mama, Mama, Mama, kama kichaa, na hakuona aibu.

Kilio alikisikia kabla hajakiona. Maturubai ya bluu, viti vya plastiki, pikipiki nyingi zimeegeshwa, na kwenye kila usukani jaketi limening'inia. Alipita katikati ya waombolezaji na injini inanguruma. Watu waligeuka kwa hasira. Kwenye shimo, Swaka alikuwa amezama mpaka kifuani, sepetu mkononi.

"Swaka! Gunia lako lina nini?"

"Unga," alisema Swaka, mshangao umemjaa usoni. "Ya Mvara. Mama Elena nachukua sasa hivi."

Santa aliruka chini kabla pikipiki haijasimama.

Jikoni moshi ulikuwa mzito. Sufuria tatu kubwa zilichemka juu ya mawe. Mama Elena alikuwa amepiga goti pembeni ya moto, gunia jeupe limefunguliwa mdomo, mkono wake wa kulia umezama ndani.

"Mama, acha!"

Wanawake wote waligeuka. Nani anapiga kelele msibani?

"Wewe nakuja saa hii?" Mama alianza. Kisha uso wake ukabadilika. "Santa. Hii unga iko na waya."

"Usivute."

"Kitu iko ngumu chini. Kama simu."

"Mama, usivute! Usitikise. Uache mkono hapo hapo."

Alitoa kile kifaa cha kuziba mawimbi kwenye mkoba. Kilimponyoka, kikaangukia kwenye majivu, akakiokota, akabonyeza. Taa nyekundu. Nyekundu bado. Mungu wangu, bado nyekundu.

Kijani.

Redio yake ikakata kauli. Simu zote za pale zikapoteza mtandao. Tangu hapo hakuna simu iliyoweza kufika ndani ya gunia lile, na hakuna habari iliyoweza kumfika Santa. Ivan yuko hai? Mhandisi kapatikana? Hakujua. Alijua tu kwamba betri ya kifaa ilikuwa na vijiti viwili, na kimoja kilikuwa kinapepesa.

"Toa mkono sasa, Mama. Polepole. Vidole kwanza vinyooke."

Mkono ulitoka, mweupe wa unga mpaka kwenye kiwiko. Mama alipousimamisha mbele yake ulitetemeka, na Santa hakuwahi kuona mkono ule ukitetemeka.

"Ondoa watu. Peleka wote kaburini."

"Na wewe?"

"Mama, tafadhali."

Mama Elena alisimama akapiga ukelele wa kambini, na wanawake wale walitii kama kuruti.

Santa alikumbatia gunia, kifaa kikiwa juu yake, akaanza kutembea kupita shamba la muhogo. Nyuma ya shamba kulikuwa na shimo la wafyatua matofali, refu na tupu. Kukimbia asingeweza, majani yalimshika miguu, na unga ulimwagika mbele ya macho yake. Alihisi kile kigumu kikimgonga mbavu. Alitaka kukitupa akimbie. Alitaka sana. Alikuwa na hofu ya mtoto mdogo gizani, ile ya kutaka mtu mzima aje, na mtu mzima pale alikuwa yeye.

Kijiti kimoja.

Akateremka shimoni, akalaza gunia, akalaza kifaa juu yake. Akapanda kwa kucha. Akakimbia.

Alikimbia mpaka pumzi ikaisha, akajitupa chini kati ya mihogo, mikono kichwani. Akangoja. Taa ile sasa ilikuwa imezimika au bado? Angejuaje?

Kunguru alilia mahali fulani.

Redio ikakwaruza.

"...nga. Kanga! Hapa Kilima!"

Santa alibonyeza redio. "Nasikia."

"Tumemshika. Kwenye Land Cruiser ya bluu, karibu na kibanda cha chapati. Kwaya inaimba, watu wote wamegeukia jukwaa, yeye ana darubini anamwangalia mtu wa cheni! Cheni ilimchosha, akaanza kupiga. Amepiga, amepiga, amepiga. Tulipomtoa garini alikuwa bado anabonyeza."

"Simu yake?"

"Betri iko mfukoni mwangu. Mafundi wa mabomu wako njiani kuja kwako. Kanga, uko sawa?"

Santa aliangalia mawingu. Alikuwa analia na hakujua ameanza lini.

"Niko sawa, afande."

Mwalimu Paulino alizikwa alasiri, mafundi walipokwisha kuondoka na bomu lile. Swaka alikuwa ameketi kati ya askari wawili na udongo wa kaburi bado magotini. Aliomba kitu kimoja tu, amalizie kufukia, na askari wakamruhusu. Santa alitupa udongo wake, akanong'ona kwamba aliijaribu kwa saba, na kwa kumi na tatu pia.

Alipogeuka, Mama alikuwa nyuma yake. Macho yake yalikuwa kwenye Glock.

"Kisima gani hiyo nachimba na bunduki?"

"Mama..."

"Nyamaza. Sasa watu nakula nini? Unga yenyewe ulitupa kwa shimo."

Pikipiki ikanguruma barabarani. Ivan aliingia akiwa na jaketi lililomfika magotini, mikono yote imejaa grisi ya cheni, na nyuma yake gunia jeupe lenye tundu moja dogo pembeni. Aliwaangalia wanawake wa jikoni, akalishusha.

"Mvara hapana taka tena," alisema. "Mimi nasema nirudishe kwa kilio."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Wanawake wote waliliangalia gunia lile, kisha wakamwangalia Mama Elena. Mama alipiga goti, akakunja kanga begani, akazamisha mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. Akautoa na konzi ya unga, akaimwaga kwenye maji yanayochemka.

Santa alivaa miwani yake ya jua, akatembea polepole kuelekea kwenye Honda, kichwa juu, kama mtu aliyetoka kununua sabuni. Bodaboda walimpisha njia kwa heshima. Mikono yake yote miwili ilikuwa mifukoni.

"Santa!" Mama aliita kutoka kwenye moshi. "Hiyo mikono ikome kutetemeka kwanza. Kaa chini. Kula."

Akakaa chini.